Nusu Hatua Upande wa Jicho Zima

Alikuja kutoa mkono wa taazia siku ya Jumatatu, Bi Mwanasha akiwa ameshatimiza miezi miwili kaburini. Gari la hoteli lilisimama kando ya barabara hapa Mwabungo, dereva akamshusha mzee mfupi mwenye mvi na miwani myeusi, akamwongoza mpaka barazani. Mimi nilikuwa nimeitwa kwa simu na Mwanakombo, binti wa marehemu, nije upesi kuna mgeni wangu. Nilisimama mlangoni sijui mikono yangu niiweke wapi, na sikuwa nimetamka neno. "Hamisi," akasema yeye, "bado unapumua kwa pua moja." Ni kweli, pua yangu ilivunjwa ujanani na mke wangu hulalamikia mlio wake hadi leo. Huyo alikuwa Tetsuo, bondia wa Kijapani. Mara ya mwisho tulipoonana mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na yeye ishirini na tisa. Akapewa kiti, akasema maneno ya taazia aliyoyahifadhi njiani, kisha akawaambia watu waliokuwapo, kwa Kiswahili kilekile alichofundishwa jikoni kwa Bi Mwanasha: "Huyu mtu alikaa na siri yangu. Mtu mwingine angesema. Yeye hakusema. Nyumbani kwetu ninawaambia watu, Afrika nina mtu mmoja." Wanawake wakaitikia mashaallah. Mzee mmoja jirani akanipa mkono kunipongeza, na mkono ule niliupokea. Angesema, wewe Hamisi ulinitia upofu, ningejitetea, na pengine maneno yangu yangekubalika. Lakini alinishukuru.

Alisema atarudi Alhamisi kuaga kabla ya ndege. Nilirudi nyumbani nikalitoa daftari la mwaka ule. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, na hii tabia ya kuandika kila siku niliipata kwenye klabu ya ngumi, kwa sababu kocha wetu alitaka kila kijana aandike mazoezi yake. Wenzangu waliacha baada ya wiki moja. Mimi sikuacha. Kwa hiyo nikisema jambo hapa, mara nyingi nimelisoma kwanza, na pale ambapo daftari halisemi nitaeleza kuwa halisemi. Habari za kuzaliwa kwangu na ukoo wangu naziacha, hazimo katika shauri hili.

Klabu yetu ilikuwa ndani ya ghala la zamani la mbata, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanasha. Alikuwa mjane, mumewe alikuwa mnunuzi wa nazi, na alipokufa ghala lilibaki tupu na harufu yake. Harufu ya mbata haitoki. Ukichanganya na jasho la vijana kumi na wawili na moshi wa jiko la uani, unapata harufu ambayo hata sasa nikiisikia mahali hunyanyua mikono kujikinga uso. Tulikuwa na gunia moja lililojazwa makumbi na mchanga, likaning'inizwa kwenye boriti, na kila baada ya siku chache mchanga uliteremka chini, juu kukawa laini na chini kukawa jiwe. Kocha alikuwa Odhiambo, mtu wa bara, mlinzi wa hoteli kule Diani, ambaye kila saa mbili ya asubuhi alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja na sare yake. Sitaki kumsingizia. Alikuwa mtu mwema na hakujua lolote katika haya.

Tetsuo aliletwa na kijana wa kwao aliyekuwa akichimba visima upande wa Kikoneni. Alikuja kutembea wiki mbili. Yule kijana wa visima alirudi kwao, Tetsuo akabaki, akapangisha chumba cha uani kwa Bi Mwanasha, chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha moja linalotazama choo. Tulijua kwamba kwao alikuwa bondia wa kulipwa tangu ana miaka kumi na tisa, kilo hamsini na saba, kwamba aliwahi kupigania mkanda wa nchi akashindwa kwa pointi kidogo sana. Zaidi hatukuuliza. Alipoingia ghalani mara ya kwanza aliinama kuupa heshima mlango, akainama kuliheshimu gunia la makumbi, akamgeukia Bi Mwanasha aliyekuwa amesimama na mwiko, akainama mpaka mgongo ukalala sawa.

"Mwambieni asinirukuie mimi," Bi Mwanasha akasema. "Rukuu ni ya Mungu. Akitaka kuniheshimu aseme shikamoo kama watu."

"Hajui shikamoo, mama," nikamwambia.

"Si ndiyo nasema mumwambie? Au mnasubiri aote?"

Akajifunza shikamoo siku hiyo, akaitumia kwa kila mtu, pamoja na watoto wa chuo cha Kurani waliokuwa wakija kuchungulia, nao wakawa wanaitikia marahaba wakikimbia kwa kicheko. Chakula alikula kwa vijiti viwili alivyochonga mwenyewe kwa upongoo wa kuti. Aliweza kuokota mbaazi moja moja kutoka kwenye tui, na Bi Mwanasha alimwita jirani yake Mishi aje aone. "Mtazame," alikuwa akisema, "hata kuku hadonoi hivyo." Wali alikula kiganja kimoja, samaki nusu, muhogo hakuugusa kwa ajili ya uzani. Bi Mwanasha alichukia jambo hilo kuliko kuinamiwa. Nilimsikia akimwambia Mishi ukutani kwamba mgeni akikondeana kwake watu watasema amemlaza njaa, na Mishi akajibu, "Muongezee tui kimyakimya," na yeye akasema, "Nimeshafanya, amelijua, ameniletea sahani na shikamoo."

Mimi nilikuwa mshika pedi wake. Niliteuliwa kwa sababu nilikuwa na urefu wake, na kwa sababu, sema kweli, sikuwa bondia mzuri. Mshika pedi huvaa mikononi zile ngozi nene bapa na kuzipanga hewani, bondia huzipiga, na mara kwa mara wewe huipitisha pedi moja kichwani kwake ili ainame. Ni kama mazungumzo. Baada ya mwezi unamjua mtu kuliko ndugu yake, unajua lini amelala vibaya, lini amepokea barua. Na ndiyo maana mimi nilikuwa wa kwanza kujua. Pedi yangu ya mkono wa kulia, ile inayomjia yeye upande wa kushoto, ilikuwa inampata. Mara moja, mara mbili, nilidhani amechoka. Kisha nikatambua haoni inapoanzia safari.

Bi Mwanasha naye aliona kwa njia yake. Ilikuwa mchana, mbaazi na mahamri yaliyobaki asubuhi, na Tetsuo akawa anapeleka vijiti kushoto mwa sahani na kuokota mkeka. "Mgeni wako leo anadonoa pembeni," akaniambia kwa sauti ya chini, "kama kuku aliyekawia kurudi bandani." Nikacheka. Tetsuo hakucheka, ingawa sidhani alielewa. Baada ya kula alinivuta chumbani kwake, akafunga mlango, akaketi kwenye kitanda cha kamba na mimi nikakaa juu ya sanduku lake. Akanieleza kwa maneno machache na mikono mingi. Kwenye lile pambano la mkanda alipigwa, na tangu siku hiyo jicho la kushoto lina inzi weusi wanaoruka, na pazia linaloshuka kutoka pembeni. Alinionyesha ukuta wa chumba, pale ambapo chumvi ilikuwa imebambua chokaa. "Ndani ya jicho, nyuma," akasema, "hivi." Kwao daktari akiona jicho la namna hiyo, leseni huchukuliwa siku hiyohiyo, na mtu anabaki kuwa nani? Alikimbia kabla ya kupimwa. Alitarajia kwamba jua na kupumzika vitamponya, apate mapambano mawili matatu huku ambako hawamulikii macho sana, kisha aende mbele. "Wewe tu unajua," akasema. "Wewe na mimi."

Mtu wa huku akiambiwa hivyo, amefungwa. Tumelelewa kwamba aibu ya mwenzio ukiiona uitandikie nguo, na siri uliyowekewa ni amana, na amana hairudi ila kwa mwenyewe. Nilijisikia mkubwa. Ila naona haya kuandika kwamba wiki ileile nilikwenda kwa Ustadh aliyekuwa akitusomesha chuoni, nikamkuta anashona msala wake, nikamuuliza, mtu akiwekewa siri na rafiki yake akaitoa, hukumu yake ni nini. Daftari lina maneno yake kwa sababu niliyaandika jioni ile.

"Amana ni amana," alisema. "Lakini siri gani, Hamisi? Iko siri ya kumsitiri mtu, na iko siri ya kumuua."

"Ya kawaida tu, Ustadh. Mambo ya vijana."

"Ya vijana." Akaniangalia juu ya miwani, sindano mkononi. "Basi msitiri mwenzio, nawe utasitiriwa."

Nikaondoka na jibu. Nililikata swali mpaka likawa na kipimo cha jibu nililolitaka, kisha miaka yote hii nikisumbuliwa nafsini hujiambia, lakini si nilimuuliza mtu wa elimu?

Kosa langu la pili ni lile la ubao wa macho, na hili Tetsuo analijua kwa sababu tulilifanya pamoja. Ili apigane Mombasa ilibidi daktari ampime, na mimi nilitangulia kupimwa kwa ajili ya kibali cha kukaa kwenye kona yake. Chumba kilikuwa na foleni mpaka nje, na daktari, nadhani, alikuwa amechoka na alikuwa peke yake. Nikiwa ninangoja niliunakili ubao wote wa herufi kwenye daftari langu, mstari kwa mstari, mpaka zile ndogo za chini. Tetsuo alizijua herufi zile lakini hakuweza kuzishika kwa mpangilio, kwa hiyo nikamfundisha kama tulivyofundishwa sisi chuoni, kwa sauti ya pamoja na kuyumbayumba, ile sauti ya kila mtoto wa pwani anayehifadhi. Wiki nzima mtu mzima na mtu mzima tulikaa juu ya mkeka tukiyumba. Bi Mwanasha alipita na ndoo akauliza, "Anasilimu?" Nikamwambia anajifunza kusoma. Siku ya kupimwa daktari alimfunika jicho zima, lile la kulia, Tetsuo akaanza kutaja herufi akiyumba kidogo, kwa sauti ileile, na muuguzi akacheka akasema huyu amekaa pwani sana. Akapita. Tulicheka njia nzima mpaka Likoni. Nikikumbuka kicheko kile sikipati tena kikiwa kitamu, lakini siku ile kilikuwa kitamu, na si haki kusema vingine.

Pambano lilikuwa dhidi ya bondia kutoka Tanga, mtu mwenye mkono wa kulia mwepesi. Akishinda, Tetsuo alikuwa ameahidiwa pambano kubwa Asia, na alikuwa ameniahidi mimi kwamba nitakwenda naye, nishike pedi huko, nione kwao. Habari zilienea kama moshi. Vijana pale dukani waliniita Tokyo. "Tokyo, ukifika utakula nini, samaki wabichi?" "Tokyo, huko watu huinamiana, wewe na kitambi hicho utainamaje?" Kitambi sikuwa nacho wakati ule. Nilikuwa nikijifanya nakasirika, kisha nikapita njia ya dukani hata nisipokuwa na haja ya kitu. Tetsuo alikuwa amenipa viatu vyake vya ulingoni vya akiba, vyeupe, navyo nilivivaa kwenda sokoni Ukunda. Nayaandika haya kwa sababu mtu anaweza kusoma yanayofuata akasema ni huruma tu.

Siku tisa kabla ya pambano Tetsuo alisimamisha mazoezi, akaomba tubaki wawili. Alisema, "Hamisi, mimi siwezi kujipima. Ninataka sana, kwa hiyo macho yangu yanasema uongo. Wewe unipime." Akaweka masharti. Kila asubuhi nimrushie pedi kumi za upande wa kushoto, bila kumwonya, nazo ngapi amezikwepa niziandike daftarini. Ikifika siku ya mwisho zisipopungua nane, atapanda ulingoni. Zikiwa chini ya nane anafunga sanduku, anarudi kwao kwa daktari, na ngumi zimekwisha. Akanishika mikono yote miwili na pedi zake. "Uandike kweli," akasema.

Siku ya kwanza alikwepa tatu. Niliandika tatu. Siku ya pili mbili. Siku hiyo hakuoga baada ya mazoezi, alikaa ukutani na taulo kichwani, na Kocha Odhiambo alipoingia na sare yake alisema, "Tetsuo, uko sawa kweli? Ama ni homa? Kama ni homa tunaeza ahirisha, hakuna noma." Tetsuo akamjibu hakuna homa. Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha na makuti yalikuwa yamevuja mahali pangu pa kusimama, sakafu ikawa na dimbwi. Nikasogea nusu hatua kuliepuka. Nusu hatua hiyo ilikuwa upande wake wa kulia, upande wa jicho zima. Sikuwa na nia yoyote, na hilo naweza kuliapia. Akakwepa sita. Nilimwona anavyoshusha mikono na kunitazama, uso umefunguka kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. "Sita," akasema. "Hamisi, sita."

Siku ya nne sakafu ilikuwa kavu, na mimi nilisimama palepale.

Ndivyo ilivyokuwa. Saba, nane, nane, tisa, nane, tisa. Nikitazama daftari leo hakuna uongo hata mmoja. Alizikwepa kweli, nami niliziandika kweli, kwa kalamu, na mstari chini. Kitu ambacho hakikuandikwa ni mahali nilipokuwa nimesimama. Nilijua? Nilijua. Siku ya nne nilijua nusunusu, nikijiambia labda ni jicho linapona, na siku ya tano nilijua kabisa, kwa sababu nilipofika niliutafuta ule weupe wa maji yaliyokauka sakafuni nikasimama nyuma yake. Nilimhurumia. Pia nilikuwa nimeshawaambia watu dukani tarehe ya safari. Nimejaribu mara nyingi kuvitenganisha vitu hivyo viwili kama mtu anayechambua mchele, nikijua kwamba kimoja ni pumba, na kila mara mkono unanipotea.

Jioni ya siku ya tisa Bi Mwanasha alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili ya kumtakia heri, na Tetsuo, uzani wake ukiwa umeshakubaliwa, alikula kwa mara ya kwanza kama mtu. Bi Mwanasha alimkalia mbele na kata ya maji. "Kula, mwanangu. Leo sikusikii na shikamoo zako." Aliniangalia mimi. "Na wewe Hamisi mbona huli?" Nikamwambia nimeshiba kwa harufu. Tetsuo akamwambia, "Mama, jicho limepona. Jua la hapa, na bahari." Akanielekezea vijiti. "Hamisi amehesabu." Bi Mwanasha hakujua kwamba jicho liliwahi kuumwa, kwa hiyo akauliza jicho gani, naye akacheka akasema hakuna, mama, hakuna. Palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa kama mlango uliosindikwa tu. Nilichukua tonge.

Watu husahau kwamba alishinda. Nilikuwa kwenye kona yake Mombasa na ndoo na sifongo, na kwa raundi zote kila mkono wa kulia wa yule kijana wa Tanga uliosafiri kwa upana ulifika. Si yote ilikuwa mizito. Nilikuwa naiona ikianza, nami mwili wangu unasogea pale chini, nusu hatua, kana kwamba ninaweza kuuhamisha ulingo. Raundi ya sita Odhiambo aliniambia, "Mbona hazioni? Mbona hazioni hizi, Hamisi?" Nikamwambia amechoka. Odhiambo alishika taulo, akalitazama, akalirudisha begani. Kama ningemwambia wakati ule angelirusha, nina hakika, na pambano lingekwisha. Lilikwenda mpaka kengele ya mwisho, na mwamuzi akaunyanyua mkono wa Tetsuo, kwa pointi, na ukumbi ukapiga makofi.

Asubuhi yake nilikwenda chumbani kwake na chai. Jicho zima lilikuwa limevimba likafumba. Lile la kushoto lilikuwa wazi, safi, halina hata jeraha, linatazama dari. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani mpaka miguuni pake. Akaniuliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenyeji, "Hamisi, alfajiri bado?"

Alikaa siku kumi na mbili zaidi mpaka jicho zima lilipofunguka, kisha akaenda kwao, peke yake. Lile pambano la Asia halikuwapo tena, wala safari yangu. Barua zake zilikuja, baadaye simu. Leseni ilichukuliwa siku alipopimwa, kama alivyosema. Akajifunza kazi ya kukanda viungo, ambayo kwao, aliniandikia, ni kazi ya vipofu tangu zamani, na jioni akawa anakwenda kwenye klabu kuwakanda vijana na kuwasimulia. Jicho la kulia nalo lilidhoofika mwaka hadi mwaka, daktari akisema kwamba angekuja mapema yangeokolewa mambo fulani. Hakusema mangapi. Mimi katika kila barua nilimwuliza hali yake, na katika kila jibu alinishukuru.

Alhamisi alirudi kama alivyosema. Mwanakombo alikuwa amekwenda msibani Munje, dereva alibaki garini barabarani, tukawa wawili. Alitaka kuingia ghalani. Siku hizi linawekwa viti vya plastiki na mahema ya kukodisha kwa harusi, lakini alisimama katikati ya viti akavuta pumzi na kutabasamu. Nikampa kiti, nikachukua kingine. Nilikuwa nimekusudia kuanza mbali, nimeandaa maneno kama mposaji. Yote yaliniacha.

"Tetsuo, zile siku tisa za kupimwa."

"Tatu, mbili, sita," akasema mara moja, "saba, nane, nane, tisa, nane, tisa. Nikikosa usingizi ninazisoma."

"Siku ya tatu nilikwepa maji. Siku ya nne sakafu ilikuwa kavu. Nilisimama upande wa jicho lako zima. Mpaka siku ya mwisho nilisimama hapo."

Nje mtu alikuwa akikwaruza sufuria kwa mchanga.

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mguu, kisha nikakumbuka. "Nusu hatua."

"Kocha alijua?"

"Hapana."

"Mama?"

"Hapana. Mimi peke yangu."

"Kwa nini?"

"Nilikuhurumia. Na nilitaka kwenda Japani."

"Lipi la kwanza?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba nimelisoma daftari mara nyingi na halisemi. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Vijana wa klabu," akasema taratibu, akitafuta kila neno, "ninawaambia, jicho langu lilipona wiki moja. Afrika. Ninawaambia mwili unaweza, ukiamini. Wengine wanaamini. Wengine wana macho mabaya, wanaamini. Miaka yote ninawaambia."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilidhani dhambi yangu ina mtu mmoja. Nikamwambia, "Niwie radhi, ndugu yangu," na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

"Leo hapana," akasema. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo sikuiona. "Nikifika nyumbani labda nitasema ndiyo. Labda sitasema."

Akainuka. Aliliita jina la dereva mara moja, lakini gari lilikuwa mbali na vioo vimepandishwa. Alinyoosha mkono akagusa kiti, kiti kikasogea, akagusa kingine. Nikasimama karibu yake bila kumshika, maana sikujua kama ninayo ruhusa, mpaka mkono wake ukanifikia, ukakaa kwenye kiwiko changu, mwepesi, vidole viwili tu. Tukatembea hivyo kati ya viti hadi mlangoni. Hapo ghala limeinuka kidogo kuliko uwanja.

"Kuna ngazi mbili," nikamwambia.

Akasimama. Akauachia mkono wangu, akashika fremu ya mlango, akateremsha mguu mmoja polepole akapapasa ukingo wa kwanza, kisha wa pili, kisha udongo. Aliporidhika kwamba ni mbili, akashuka.